Sauti ya Chuma na Sumaku: Kufufua Milio ya Mashine Kongwe za Michezo

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa waalikwa, mafundi wenzangu na nyote mnaohifadhi mashine hizi,

Nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie ufufuaji wa sauti katika mashine za michezo za kielektromekanika, yaani zile mashine za sarafu zilizotawala kumbi za michezo kabla ya kompyuta, ambazo ndani yake hamna hata mstari mmoja wa programu, ila mota, relei (swichi zinazofunguliwa na kufungwa kwa umeme), solenoidi (koili za waya zinazovuta chuma zikipata umeme), swichi za vibati vyembamba na mamia ya mita za waya. Hoja yangu ni moja, nami naitaja mapema ili anayeipinga apate muda wa kujiandaa: katika mashine hizi sauti haikubandikwa juu ya mchezo kama pambo, bali ni kazi ya mashine yenyewe inayosikika. Kwa hiyo fundi anayetaka kuirudisha sauti hana budi kuurudisha kwanza mwendo ulioizaa. Anayeanza kwa kung'oa vifaa vya zamani na kuweka spika mpya na kadi ya kidijitali huenda akapata kelele za kutosha, lakini kilichokuwa kikisikika pale zamani atakuwa amekitupa pamoja na vyuma alivyovifungua.

Historia tuipitie haraka, maana wengi wenu mnaijua. Mwaka 1933 Harry Williams alibuni Contact, pinboli (mchezo wa mpira wa chuma unaoviringika juu ya ubao ulioinama) iliyotumia umeme wa betri kavu kuurusha mpira kutoka shimoni, na katika miaka hiyohiyo kengele za umeme zikaanza kuzoeleka ndani ya makabati ya michezo. Mwaka 1936 kampuni ya Seeburg ilitoa Ray-O-Lite, mchezo wa kulenga bata kwa bunduki ya mwanga. Chicago na vitongoji vyake vikawa kitovu cha kazi hii, kwani Gottlieb, Bally, Williams, Midway na Chicago Coin zote zilikuwa huko. Japani nayo haikubaki nyuma: Sega ilitoa Periscope mwaka 1966, na Duck Hunt yao ya mwaka 1969 ilimwezesha mwenye ukumbi kuongeza au kupunguza sauti, jambo ambalo majirani wa kumbi hizo bila shaka walilipokea kwa shukrani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 maikroprosesa zilichukua nafasi, na mafundi waliozijua relei wakaanza kupungua.

Kabla bisibisi haijagusa chochote, hakikisheni kwamba mashine ni salama kuwashwa. Mashine nyingi za Marekani za enzi hiyo zilitoka kiwandani na plagi ya pini mbili, bila waya wa ardhi, na ndani yake umeme wa ukutani huwa wazi kwenye fyuzi, swichi na ncha za transfoma. Wekeni waya mpya wenye ardhi, kisha kagueni fyuzi moja baada ya nyingine, kwa kuwa waliotutangulia walikuwa na tabia ya kuweka fyuzi nzito ili wasisumbuliwe, na fyuzi nzito maana yake ni kwamba relei ikinata, koili ndiyo itakayoungua. Hayo yakikamilika, iwasheni mashine na mrekodi kila sauti inayotoka, hata zilizo mbovu, hata zisizotamanika. Wekeni kipaza sauti kimoja karibu na chanzo cha mlio na kingine mahali anaposimama mchezaji, kwa maana sauti aliyoisikia mchezaji ilikuwa imekwisha kupita katika mbao na kioo. Sikio la fundi huzoea upesi. Ukishafanya kazi kwenye mashine kwa muda mrefu, mlio wowote itakaoutoa utauona ni wa asili, na rekodi ya siku ya kwanza ndiyo shahidi pekee atakayekupinga.

Sasa niingie katika milio ya kugongwa, ambayo kwangu ndiyo moyo wa kazi hii. Kisanduku cha vipau vya mlio katika pinboli ya miaka ya 1960 na 1970 kwa kawaida huwa na vipau vitatu vya chuma, kimoja cha alama 10, kimoja cha 100 na kimoja cha 1,000, kila kimoja kikiwa na koili yake. Ndani ya koili mna chuma kidogo kama mchi, chenye ncha ya nailoni, kinachopita katika bomba jembamba la nailoni. Koili ikipata umeme, mchi hurushwa, hugonga kipau na kurudi. Neno la kuzingatia hapo ni kurudi. Katika vifaa vilivyotengenezwa vizuri, mahali ambapo sumaku huvuta kwa nguvu zaidi huwa chini kidogo ya kipau, hivyo mchi hufika kwenye kipau kwa msukumo wa mwendo wake tu, hukigusa kwa kitambo kifupi sana, kisha huanguka na kukiacha kipau kiimbe. Mchi ukibaki umekigandamiza, utasikia mlio mfu usio na mwangwi, na mtu asiyejua atasema kipau kimezeeka. Kipau hakizeeki. Kilichobadilika ni ncha ya nailoni iliyovunjika au kupanuka, bomba lililojaa uchafu, au swichi inayobaki imefunga muda mrefu kuliko inavyopaswa na kuiacha koili ikiendelea kuvuta.

Fungueni kisanduku, toeni mchi, uangalieni mwisho wake kwenye mwanga. Chuma kilichogonga maelfu kwa maelfu ya mara hupanuka ukingoni, na ukingo huo hukwaruza bomba kila unapopita. Upigeni tupa ukingo huo mpaka mchi uteleze kwa uzito wake wenyewe mkiinamisha koili. Bomba libadilishwe, ni kifaa cha bei ndogo na hakuna sababu ya kulisafisha kwa huruma. Kuhusu mafuta, narudia lile ambalo kila fundi mzee hulisema na kila fundi mpya hulipuuza: msiweke mafuta ndani ya koili. Mafuta hushika vumbi, vumbi na mafuta huwa gundi, na baada ya muda mtarudi kwenye mashine ileile kwa tatizo lileile likiwa limeongezeka.

Kipau chenyewe hushikiliwa na skrubu au vigingi viwili vyenye vijipete vya mpira, na mahali vilipo hapakuchaguliwa kwa kubahatisha. Kipau kilicho huru ncha zote mbili, kikigongwa katikati, hutikisika kwa namna ambayo sehemu mbili hazisogei, nazo ziko takriban asilimia 22.4 ya urefu kutoka kila ncha. Katika kipau cha sentimita 20, ni karibu sentimita 4.5. Kikishikiliwa hapo, mshiko haunyonyi mtikisiko. Lakini vijipete vya mpira vikikauka na kuwa vigumu, au fundi mwenye bidii iliyopitiliza akikaza skrubu mpaka mwisho, kipau hubanwa na mlio hukatika mapema. Vijipete vipya laini, na skrubu iliyokazwa kiasi cha kuzuia kipau kisitoke tu, mara nyingi hurudisha mwangwi ambao mwenye mashine alidhani umepotea milele. Nimeona watu wakiagiza visanduku vizima kutoka ng'ambo kwa kukosa vijipete viwili vya mpira.

Mlio mmoja haufanyi muziki wa mashine. Mfuatano wake ndio unaoufanya. Mpira ukigusa shabaha ya alama 50, mota ya alama huzunguka na vipande vyake vya duara vyenye meno hufungua na kufunga swichi mara tano, na mlio wa alama 10 hugonga mara tano. Mwendo wa mapigo hayo matano hutoka kwenye mota. Grisi ya zamani ikiganda ndani ya gia zake, mapigo huvuta miguu, na mchezo mzima huonekana kuchoka. Isafisheni gia, wekeni grisi mpya kidogo, kisha rekebisheni nafasi za swichi moja baada ya nyingine hadi mapigo yote matano yawe na nguvu sawa. Pigo la tatu likiwa dhaifu kuliko mengine, msiende kwenye koili, kwa sababu koili ni ileile kwa yote matano. Nendeni kwenye mnyororo wa mota na swichi zake.

Hapo linaingia jambo ambalo wengi hawalitilii maanani. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ilikusudiwa umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde. Ikipelekwa mahali penye mizunguko 50, transfoma ya kupunguza volti itatatua volti na kuiacha mizunguko kama ilivyo, na mota zinazotegemea mizunguko hiyo zitapungua kasi kwa takriban moja ya sita. Kwa mota ya alama, mapigo yatakuwa mazito kidogo. Kwa mota inayovuta utepe wa sauti, mlio utashuka zaidi kidogo ya nusu-toni tatu, na kilio cha mzimu kitageuka kuwa mngurumo wa mtu mwenye mafua. Katika hali hiyo mtafute kifaa cha kubadili mizunguko, au mbadilishe kapi la mota kwa lenye kipenyo kinachofidia tofauti, na kapi la asili mlifunge vizuri ndani ya kabati.

Kabati nalo ni sehemu ya ala. Solenoidi ya kutangaza mchezo wa bure hugonga ubao au kibati kilichofungwa kwenye ubao, na ule mshindo unaomshtua kila mtu ukumbini ni mshindo wa mbao. Viungo vya kabati vikiachana, au fundi akiweka sponji nyuma ya kibati ili kupunguza ukali, mshindo huo hupotea, na hakuna marekebisho ya umeme yatakayourudisha. Gundi ya seremala na vibano vya usiku mmoja vimetibu sauti nyingi kuliko zilizotibiwa na kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, ingawa sisi watu wa umeme hatupendi kukiri hivyo.

Nigusie milio ya kielektroniki kwa ufupi kidogo, kwa kuwa michoro hutofautiana sana kutoka mashine hadi mashine. Michezo ya bunduki, ndege na nyambizi ya mwisho wa miaka ya 1960 ilikuwa na saketi ndogo za transista za kutengeneza mlipuko, mlio wa risasi au mlio wa sonari. Mlipuko mara nyingi ni mchakacho wa transista inayopitishiwa umeme kinyumenyume, ukikuzwa, kisha ukafifia kadiri kapasita inavyoishiwa na chaji. Kapasita hizo za elektroliti hukauka kwa umri, na ikikauka ile inayodhibiti kufifia, mlipuko huwa mfupi kama kofi. Zikikauka zile za kuchuja umeme wa saketi, mtasikia mvumo wa mara 100 au 120 kwa sekunde chini ya kila sauti. Mvumo wa mara 50 au 60 huelekeza kwingine, mara nyingi kwenye waya wa ardhi uliolegea au dayodi iliyokufa. Badilisheni kapasita za elektroliti zote bila kusita, ila transista ya mchakacho msiiguse kama bado inafanya kazi. Transista za siku hizi zimetengenezwa ziwe kimya, na katika kazi hii ukimya ndio kasoro. Ikilazimu kuibadilisha, jaribuni kadhaa za aina moja na mchague ile yenye mchakacho mkubwa zaidi, ile ambayo fundi wa redio angeitupa.

Swichi zinazopitisha sauti zinahitaji adabu tofauti na swichi za koili. Swichi ya koili hupitisha mkondo mkubwa, cheche zake zenyewe huunguza utando wa uchafu, na ncha zake ngumu zinavumilia tupa laini. Swichi inayopitisha sauti kwenda kwenye amplifaya hupitisha umeme mdogo mno, haina cheche ya kujisafisha, na utando usioonekana kwa macho unatosha kuinyamazisha au kuifanya ikwaruze. Hiyo msiipige tupa. Chukueni kipande cha karatasi ngumu safi, kilowesheni spiriti, kibaneni kati ya ncha mbili, kisha mkivute taratibu mpaka kitoke bila weusi. Halafu kunjeni kibati kidogo ili ncha zikikutana zisuguane kidogo, kwa sababu msuguano huo ndio utakaoziweka safi baadaye. Kama koili za jirani zinaingiza milio ya tak-tak kwenye spika, kapasita na rezista ndogo sambamba na swichi ya koili huzima cheche kwenye chimbuko lake. Kuzificha kwa kupunguza sauti ya amplifaya si tiba.

Spika yenyewe huhitaji huruma. Koni ya karatasi iliyopasuka huzibwa kwa karatasi nyembamba ya shashi na gundi nyeupe iliyoongezwa maji, upande wa nyuma, na baada ya kukauka tofauti yake haisikiki. Spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ikipimwa kwa mita husoma omu 6 au 7, msidhani ni mbovu. Na kabla ya kuinunulia mbadala, angalieni mchoro unataka omu ngapi, maana amplifaya za zamani hazisamehe mzigo usiolingana nazo, na baadhi hazipaswi hata kuwashwa spika ikiwa imetolewa.

Nimebakiza utepe, na hapa naomba nitulie. Michezo kadhaa ya mwanzo wa miaka ya 1970 ilitumia katriji ya mikondo minane, yaani kisanduku cha utepe wenye njia nane za sauti, ileile iliyotolewa na Bill Lear na wenzake nchini Marekani mwaka 1964 kwa ajili ya muziki wa garini. Mfano unaojulikana sana ni Haunted House ya Midway, ya mwaka 1972, ambamo mchezaji hupiga mizimu risasi huku akisikia vilio na mbweko. Utepe ni kitanzi kisicho na mwisho, una upana wa milimita 6.35, hukimbia kwa sentimita 9.5 kwa sekunde, huvutwa kutoka katikati ya rundo na kurudi kujizungusha nje yake. Kwa sababu utepe hulazimika kuteleza juu ya utepe muda wote, mgongo wake umepakwa ulainisho. Ulainisho huo ukiisha, utepe hubana, mota huzidiwa, na mwishowe kitanzi huliwa.

Katriji ya umri huo isichezwe kabla ya kufunguliwa. Ndani yake mtakuta sponji ndogo inayousukuma utepe dhidi ya kichwa cha kusomea, na karibu kila mara sponji hiyo imekuwa unga, kwa hiyo sauti huja kama ya mtu anayeongea nyuma ya mlango. Mtakuta gurudumu la mpira, ambalo katika baadhi ya katriji limeyeyuka kuwa kitu cha kunata kama ulimbo. Hilo litupeni, na kila lilipogusa pasafishwe. Mtakuta pia kiungo cha karatasi ya metali kinachofunga kitanzi, ambacho gundi yake imekauka na kinangoja mvuto wa kwanza kiachie. Kiachiapo, ncha moja ya utepe huvutwa ndani ya rundo, na kuitafuta ni kazi ya subira nyingi. Wekeni kiungo kipya kabla hamjajaribu chochote, wala msitumie gundi ya karatasi ya kawaida ya ofisini, kwani huvuja na kugandisha mizunguko ya jirani. Upande wa mashine, kisafisheni kichwa cha kusomea kwa spiriti, kiondoleeni usumaku, na mkirekebishe kimo na mwinamo wake, kwa kuwa kichwa kikishuka kidogo tu, kilio cha mkondo mmoja husikika chini ya radi ya mkondo mwingine.

Kisha huja swali ambalo najua limewaleta wengi wenu hapa: je, tuiache katriji ifanye kazi, au tuweke kicheza sauti cha kidijitali mahali pake? Siko miongoni mwa wanaoona haya kuitumia kadi ya kidijitali. Mashine inayochezwa na watu kila siku itaula utepe wake wa mwisho, na tepe za asili haziongezeki. Ninachopinga ni namna kadi hizo zinavyowekwa. Katika mpangilio wa kawaida wa michezo hii utepe huzunguka bila kukoma, na risasi inapopata shabaha, relei hufungua tu njia ya sauti kwa muda mfupi. Mchezaji husikia kipande chochote kilichokuwa kikipita kichwani wakati huo: mara mwanzo wa kicheko, mara katikati yake, mara mwisho wa kilio unaokatika ghafla. Kadi iliyopangwa na mtu asiyejua huanza faili ileile kutoka mwanzo kila shabaha inapopatikana. Sauti ni safi, kipimo kwa kipimo ni sauti ileile, lakini mchezo umebadilika, kwa kuwa sasa mzimu hucheka kwa namna moja kila mara, na mchezaji huacha kumwogopa mapema. Dawa yake ni rahisi. Ipangeni kadi icheze kitanzi chote cha kila mkondo bila kusimama, na relei za asili za mashine ziendelee kufungua na kufunga njia kama zilivyofanya siku zote. Hapo kadi imechukua nafasi ya utepe peke yake, na uamuzi wa lini tusikie nini umebaki kwa mashine.

Nakala inayoingia katika kadi hiyo itolewe kwenye utepe ulio bora kuliko wote mnaoweza kuupata, mkondo mmoja mmoja, kwa sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde. Nakala ghafi ihifadhiwe bila kuguswa, pamoja na mchakacho wake wote. Mkitaka kusafisha, safisheni nakala ya pili. Msivutwe na programu zinazoondoa mchakacho kwa kubonyeza mara moja, kwa sababu upepo na mvua vilivyorekodiwa katika tepe hizi, kwa programu hizo, navyo ni mchakacho.

Kila kitu mlichokitoa kikae ndani ya kabati, kwenye mfuko wenye lebo inayosema kilitoka wapi, lini, na kwa nini, na waya mlizozikata zifungwe badala ya kupogolewa, ili atakayeifungua mashine baada yenu aweze kurudisha alichokikuta. Kwenye mfuniko wa ndani bandikeni karatasi yenye kiwango cha sauti mlichokiweka na mahali mlipowekea kipaza sauti siku ya kwanza, ili rekodi mbili ziweze kulinganishwa kwa haki.

Pale mezani pana kisanduku cha vipau kilichofunguliwa na katriji moja isiyo na mfuniko. Karibuni mvishike, na maswali tuyachukue tukiwa hapo. Asanteni sana.